Kalamu ya Bluu na Samli ya Kaoze

Nianze na kalamu, maana bila ile kalamu nisingekuwa na cha kuandika hapa. Ilikuwa kalamu ya kawaida ya wino wa bluu, ya kujazia kadi za kliniki, iliyotafunwa kitako na mtu ambaye sikumjua. Niliiweka kwenye mfuko wa gauni langu la kazi pamoja na mkasi na saa iliyokatika mkanda. Kwa kalamu hiyo nilichora msalaba mdogo kwenye mgongo wa mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, halafu nikasema kwamba ule msalaba haukuwa wangu.

Nilikuwa muuguzi mkunga katika hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa lake. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kufika kwetu, na mtu akitaka kuongea na ndugu yake wa Mbeya alipanda juu ya kichuguu nyuma ya bohari akitafuta mtandao. Tulishazoea kwamba kila kitu ni ruksa. Mwalimu aliuza maandazi, karani wa mahakama alikuwa na mashine ya kusaga, na sisi manesi kila mmoja alikuwa na mradi wake. Asiyekuwa na mradi alionekana mvivu, au mtawa. Mimi nilikuwa na kibanda pale Chanji, mtaa mmoja wa mjini, nikiuza nguo za mitumba za watoto wachanga. Nilijiona mjanja sana: asubuhi nawazalisha, jioni nawauzia vya kuvalisha.

Mwaka huo alikuja daktari mgeni, mama mmoja wa makamo kutoka Ulaya, mrefu, mwenye viatu vya mbao vilivyosikika tangu mwanzo wa korido. Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni. Alisema "tafadhali" kwa kila mtu, hata kwa mlango uliokwama. Sisi tulicheka pembeni, lakini tulimpenda, kwa sababu hakuwahi kumfokea mtu. Alikuja na mashine ya ultrasaundi iliyokwisha tumika huko kwao, ikiwa kwenye meza ya magurudumu, na wagonjwa wakaiita televisheni ya tumbo.

Sisi tulidhani kazi yake ni kuangalia mtoto tumboni na basi. Daktari akatuonyesha kazi nyingine. Alikuwa na vifaa vichache vya kutoa ganzi mgongoni kwa mama anayejifungua. Sindano inaingia kati ya mfupa na mfupa, inaacha ndani mpira mwembamba kama uzi wa kushonea, na dawa inapitishwa humo kidogo kidogo. Mama anabaki macho, anaongea, anasukuma mtoto wake, ila maumivu yanakaa mbali. Kwa mgongo wa kawaida daktari hupapasa kwa vidole akaipata nafasi. Kwa mgongo mgumu kupapasika, alisema, huko kwao walikuwa wameanza kuangalia kwanza kwa ultrasaundi, wakaweka alama kwenye ngozi, ndipo wakachoma.

Akanichagua mimi nimsaidie. Sababu aliyoitoa ni kwamba nilikuwa na mikono mizuri. Sijui kama mnaelewa maana ya kuambiwa hivyo mbele ya wenzako kumi na wawili. Nilitembea wiki nzima nikiitazama mikono yangu. Alinikalisha kitandani, nikainama, akanipaka ile jeli iliyokuwa baridi kuliko maji ya kisima mwezi wa sita, akanionyesha mgongo wangu mwenyewe kwenye kioo cha mashine. Mifupa ilitokea myeupe, imepangana kama meno ya msumeno, na kati ya jino na jino palikuwa na upenyo mweusi. "Hapa ni mlango," akasema. Akaazima kalamu yangu, akachora mstari wa kusimama na mstari wa kulala, pale ilipokutana ndipo sindano inapopita. Alama hiyo nililala nayo usiku huo, na kesho yake niliwaonyesha wenzangu kama mtu aliyetoka kuhiji.

Sasa niseme habari ya samli, maana ndiyo iliyonishinda.

Mimi ni Mfipa, nimezaliwa katika familia ya wakulima upande wa Kaengesa, watu wa mahindi, ulezi na misa ya kwanza. Nilivyolelewa, mwanamke aliyepiga kelele akizaa alisimuliwa mpaka alipozeeka. Anauma khanga, anatazama ukuta, anamaliza. Nilidhani ndiyo heshima. Wafugaji waliohamia bondeni huko Kaoze, Wasukuma waliofuata malisho kutoka kaskazini, walikuwa na utaratibu wao. Mwanamke wao hakuja peke yake. Alikuja na mama au mama mkwe, na mama huyo alibeba kibuyu kidogo cha samli. Uchungu ukianza, anakaa nyuma ya binti, anachota samli kwa vidole viwili, anamsugua kiuno na mgongo, polepole, bila kukoma, huku akimwimbia chini chini. Anaweza kufanya hivyo tangu asubuhi hadi jioni. Binti akishikwa na uchungu, ule mkono unakandamiza. Uchungu ukipungua, mkono nao unalegea.

Sisi manesi tuliwasema sana. Leba nzima ilinuka samli, mashuka yakawa na madoa. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote. "Haya, wapishi wameingia," nilikuwa nasema, na wenzangu wanacheka. Kwa hiyo nisijitetee kwamba sikujua utaratibu wao. Niliujua vizuri kuliko daktari, kuliko padre, kuliko nesi yeyote pale.

Yule mwanamke alipanda kutoka Kaoze juu ya lori la mpunga, wiki mbili kabla ya siku zake, pamoja na mama mkwe wake. Alikuwa na miaka kama ishirini na moja, mimba ya kwanza. Mgongo wake ulipinda tangu utotoni, baada ya kuugua, ukaenda kushoto halafu ukarudi kulia, na kifua kikabanwa upande mmoja. Akipanda ngazi tatu za wodi alisimama kupumua. Daktari alimpima, akaniita pembeni akanieleza taratibu, nami ninaeleza hapa kama nilivyoelewa. Kumlaza kwa nusukaputi kungekuwa hatari, huenda asiamke. Maumivu makali ya saa nyingi nayo yangemmaliza pumzi. Njia iliyobaki ilikuwa ganzi ya mgongoni, na kwa mgongo ule vidole havikutosha. Hapo ndipo mashine ilikuwa na kazi.

Nilimtafsiria yeye na mama mkwe wake kwa Kiswahili na Kisukuma changu cha kuokoteza. Mama mkwe alikuwa mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye bangili za shaba mkono wa kulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Atapumua?"

"Atapumua, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yake. "Ndiyo maana tunafanya hivi."

"Basi fanyeni. Mimi nimekupa wewe, nesi. Ni mtoto wangu huyu, si mkwe."

Uchungu ulimwanza siku ya Jumanne, alfajiri, na kufika saa nne asubuhi ulikuwa umeshika kweli. Tulimkalisha ukingoni mwa kitanda. Daktari alichukua muda mrefu kwenye kioo, akipandisha na kushusha kile kidude cha kupimia, akikilaza, akikiinamisha. Meno ya msumeno hayakuonekana yamepangana. Yalikuwa yamepishana kama ya mzee. Mwishowe akasema "Aa," akanyoosha mkono bila kugeuka, nami nikampa kalamu. Akachora. Alama haikuwa katikati ambapo mtu angedhani. Ilikuwa pembeni, vidole karibu viwili kutoka kwenye mstari wa mgongo unaouona kwa macho, na mstari wa kulala nao ulikuwa umeinama. Nakumbuka nilijiambia, hapa mimi ningechoma mfupa tu.

Akiwa anafuta jeli, wakamwita. Mama mwingine chumba cha pili alikuwa anatoka damu. Wakaisukuma mashine huko huko. Mlangoni daktari akageuka.

"Dada, tafadhali, usimwache. Alama isiguswe. Mimi nitarudi."

"Sawa, daktari."

Hazikupita dakika tano nikasikia honi getini. Niliijua. Lilikuwa lori kutoka Tunduma lililobeba belo langu la nguo za watoto, nililolisubiri tangu mwezi uliotangulia. Baridi ya Ufipa ilikuwa imeingia, upepo unakata masikio, na kila mama pale mjini alikuwa anatafuta sweta ya mtoto. Dereva huyo hakuwa mtu wa kungoja. Mara ya mwisho alinipita, mzigo ukaenda hadi Mpanda.

Honi ikapigwa tena.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mayu, mshike asianguke. Nakuja sasa hivi."

Sikumwambia habari ya alama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ingekuwa sentensi moja. Lakini Kisukuma changu kilikuwa kidogo, honi ilikuwa inalia, na ukweli wenyewe ni kwamba sikumhesabu. Niliona mama wa kibuyu, basi. Ilinitosha kwamba mimi ninajua.

Getini dakika mbili hazikunitosha. Niliwahi kuuziwa belo lililojaa soksi za mguu mmoja mmoja, kwa hiyo nilimlazimisha dereva akate kamba nione. Juu kulikuwa na sweta nyeupe za watoto, laini, nyingine zina vifungo vya umbo la bata. Nikazipekua. Nikafurahi. Nikamtafuta mlinzi anisaidie kuburuta mzigo hadi stoo ya mifagio, tukabishana kuhusu ufunguo. Nilipoangalia saa yangu isiyo na mkanda, nusu saa ilikuwa imekwisha.

Kabla sijafungua mlango nilisikia ule wimbo wa chini chini. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kitandani nyuma ya mkwe wake, na mkono wake wa bangili ulikuwa unapanda na kushuka. Chumba kizima samli. Yule binti alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mto, amefumba macho, anapumua vizuri. Sikuwa nimemwona amepumzika vile tangu afike. Na mgongoni, badala ya alama, palikuwa na doa la bluu lililotapakaa kama wino uliomwagikiwa chai.

Nilimkamata mkono. Nilimfokea, mimi, mtu wa rika la binti yake. "Umefanya nini wewe? Umefuta! Umefuta dawa ya daktari!" Nilisema dawa kwa sababu ndilo neno lililokuja. Wodi ya pili walisikia. Yule mama akautazama mkono wake, akautazama mgongo, na uso ukamshuka.

Ningeweza kumaliza jambo pale pale. Ningesema: daktari, alama imefutika, turudie. Mashine ilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Ingechukua dakika kumi. Ila angeuliza, ulikuwa wapi? Na mimi ndiye mwenye mikono mizuri.

Nikasikia viatu vya mbao kwenye korido.

Nikachukua pamba na spiriti, nikasugua samli na lile doa mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nikatoa kalamu. Nikajaribu kukumbuka: pembeni, vidole viwili, mstari umeinama. Umeinama upande gani? Vidole viwili vyangu, au vya daktari, ambaye mikono yake ilikuwa mikubwa? Yule binti akashikwa na uchungu, mgongo ukajikunja mbele ya macho yangu. Nikachora. Mama mkwe alinitazama nikichora, na nadhani alijua ninarekebisha alichoharibu yeye, kwa sababu aliitikia kwa kichwa, kama anayenishukuru.

Daktari akaingia, amenawa, mikono juu. Akainama, akatazama.

"Alama hii ni yangu?"

"Ndiyo, daktari."

"Ngozi inang'aa."

"Ni ile jeli."

Akaniangalia kidogo, halafu akanisadiki. Hakuwa na sababu ya kutonisadiki.

Alipaka dawa ya kuua vijidudu, akachoma ganzi ndogo ya juu, akaingiza sindano ile kubwa. Mfupa. Akairudisha, akaielekeza kidogo juu. Mfupa. Binti alikuwa amenishika mabega, kucha zake zimeingia kwenye nyama yangu, na hakutoa sauti. Nilikuwa nimemwambia asitikisike. Mara ya tatu sindano ikapita ghafla, na badala ya ile nafasi iliyotafutwa yakaja maji, yale maji meupe yanayoogesha uti wa mgongo, yakadondoka tone kwa tone. Nilijua maana yake. Sindano ilikuwa imetoboa ndani kuliko ilivyotakiwa.

Daktari akasema neno moja la kwao, kimya kimya, akachomoa. Alitazama ile alama kwa muda mrefu. Kisha akasema hatajaribu tena, si kwa mgongo huu.

Kwa hiyo alizaa bila ganzi. Kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Midomo ilikuwa inabadilika rangi, tukimpa hewa ya mtungi, akirudiwa na rangi, inabadilika tena. Mama mkwe alisimama ukutani. Hakumgusa. Mikono ameificha chini ya khanga. Kila uchungu ulipokuja binti aligeuza kichwa kumtafuta, akanyoosha mkono nyuma kuonyesha kiuno, na yule mama alitikisa kichwa, machozi yanamtoka. Mimi sikumwambia amguse. Nilikuwa na wasiwasi kwamba samli ikirudi, na maneno yatarudi. Mtoto alivutwa kwa kikombe cha plastiki kinachonata kichwani, mvulana, akalia. Mama yake alikuwa hai. Nilikwenda nyuma ya bohari nikatapika.

Msinipongeze. Kutapika si kuungama.

Kesho yake kichwa kilianza kumuuma, yale maumivu yanayofuata sindano ikitoboa. Akilala chali, nafuu kidogo. Akiinua kichwa inchi mbili, analia. Yule ambaye hakulia kwa sindano wala kwa mtoto alilia kwa kuinuliwa anyonyeshe. Siku nane alilala vile, tukimwekea mtoto ubavuni. Daktari alikuja kila asubuhi na kila jioni, akakaa kwenye kigoda karibu naye, akamwomba radhi kwa Kiswahili cha kitabuni. "Mimi nilikosea, mama. Tafadhali unisamehe." Mimi ndiye niliyetafsiri. Nilisimama katikati ya wawili hao, nikabeba radhi ya mtu asiye na kosa, nikaipeleka kwa aliyekosewa, nikarudisha jibu. Sauti yangu haikukwama hata mara moja.

Ofisini daktari aliniambia mashine imetudanganya. Migongo iliyopinda, alisema, bado ni migumu mno kwa kioo kile, ama yeye mwenyewe hajui kukisoma. Aliandika kwenye daftari la maelekezo kwamba kisitumike tena kwa ajili ya sindano ya mgongoni. Vile vifaa vilivyobaki alivifungia kabatini. Akaniuliza ninaonaje.

"Labda ni kweli, daktari," nikasema.

Ningependa kusema uongo wangu uliishia hapo. Siku ya tatu alikuja mume, kijana mrefu wa Kaoze, vumbi mpaka kwenye nyusi, fimbo yake ya kuchungia imezuiwa getini. Alikuwa amesikia kutoka kwa wanawake wa wodi ya pili kwamba kuna dawa ilifutwa. Akanikuta kwenye meza ya dawa.

"Shikamoo, dada. Samahani. Nini kilimpata mke wangu?"

Nilikuwa nahesabu vidonge. Sikuinua uso.

"Muulize mama yako aliyempaka samli."

Hivyo tu. Maneno matano. Daktari alikuwa amejibebesha lawama, mashine imebebeshwa lawama, hakuna aliyekuwa ananitafuta mimi. Nilikuwa salama kabisa. Bado nikaona niongeze mtu mwingine mbele yangu, wa kunikinga.

Nilimwona kupitia dirishani. Alimkuta mama yake chini ya ukuta wa jiko la wagonjwa, anakoroga uji. Hakupiga kelele. Alimwambia kitu kifupi, akakichukua kile kibuyu pembeni yake, akakitia kwenye mfuko wake. Tangu siku hiyo yule mama alipika uji, akauleta hadi kizingiti cha wodi, akauweka chini. Mtu mwingine aliuchukua akampelekea mkwe. Yeye alirudi kukaa nje kwenye upepo, akijifunika khanga yake moja.

Sikuweza kuvumilia kumwona pale. Siku ya saba nilichomoa sweta moja kutoka kwenye belo, nyeupe, yenye vifungo vya bata, nikampelekea. "Mvalishe mjukuu," nikasema. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akavigusa vifungo kimoja kimoja.

Siku ya kuondoka alikuja nyumbani kwangu, kwenye nyumba za wafanyakazi, mchana, wakati wa chakula. Nilifungua mlango nikamkuta amepiga magoti kwenye saruji. Mwanamke wa umri wa mama yangu. Nikasema "Shikamoo mayu, inuka," naye hakuinuka, wala hakuitika. Mbele yake kulikuwa na kibuyu kikubwa, si kile cha kwanza, kimefungwa mdomo kwa kitambaa safi.

"Nesi, nimekuja unisamehe. Mkono wangu huu ndio uliomuumiza mtoto wangu. Wewe ulirekebisha, nilikuona. Daktari amejitwisha kosa langu kwa wema wake. Na wewe hukunisema kwa daktari. Ukanipa na sweta. Sina kitu, hii ni samli ya ng'ombe wangu mwenyewe. Nisamehe, niende nyumbani na moyo mweupe."

Nilisimama. Sufuria ilikuwa inachemka ndani, niliisikia. Ningesema, mayu, si wewe. Maneno yalikuwepo mdomoni, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na Kisukuma changu kwa sentensi hiyo kilitosha.

"Yameisha, mayu," nikasema. "Nimekusamehe."

Akanishukuru. Nikakipokea kibuyu. Ilikuwa samli nzuri mno, ya njano, yenye harufu ya moshi. Niliitia kwenye ugali wa ulezi na maharage, nikaila miezi mitatu mpaka ikaisha. Nilikwenda kitubioni kabla ya Noeli nikasema nilisema uongo kazini. Padre akauliza, mara ngapi? Nikamjibu mara moja.

Daktari alimaliza muda wake akarudi kwao. Mashine ikaendelea kuangalia watoto matumboni. Lile kabati lilifunguliwa baadaye sana, na vifaa vikakutwa vimepita muda wake.

Miaka mitatu ilipita. Siku moja mchana waliletwa wawili kutoka Kaoze, mwanamke na dada wa mume wake. Mwanamke alikuwa na uchungu wa mgongo, ule mbaya, mtoto amegeukia huko. Alikuwa anajipiga ngumi kiunoni mwenyewe. Wifi yake amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, anamtazama.

"Mbona humsugui mwenzio?" nikamuuliza. "Samli iko wapi?"

"Hatuleti siku hizi, nesi. Na hatuwagusi."

"Kwa nini?"

"Kuna bibi mmoja kwetu. Aliwahi kumpaka mkwe wake hapa hapa hospitali, akamharibu kichwa. Tangu siku hiyo anazunguka nyumba kwa nyumba, binti akishika mimba tu yeye anakwenda. Anawaambia, msimguse mgongo, mkimgusa mtamuua. Sasa hakuna anayegusa. Hata wale wanaozalia nyumbani."

Niliketi kwenye benchi karibu naye. Bonde zima. Ile sindano hawakuwahi kuipata, nayo ilifungiwa kabatini kwa sababu yangu. Walichokuwa nacho wao ni ule mkono, tangu bibi zao, na huo nao niliwanyang'anya. Yule mama alikuwa anatembea kwenye jua la Kaoze, nyumba hadi nyumba, kutangaza kosa langu kwa jina lake mwenyewe, ili lisimpate mtu mwingine.

Nikamwambia. Hatimaye nilisema, kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Sikiliza. Yule bibi hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyetoka nikamwacha. Alama ya daktari ilipofutika niliichora mwenyewe, kwa kukisia, nikadanganya. Samli haina kosa. Mwambieni. Msugue wifi yako, tafadhali."

Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akatabasamu, akanishika mkono.

"Bibi alituambia," akasema. "Alisema mkifika kule muulizieni nesi mwenye huruma, aliyempa mjukuu sweta. Alisema hata mkimuuliza atasema si kosa la bibi, ndivyo alivyo. Atalichukua yeye."

Na hakumgusa. Nilipanda kitandani nyuma ya yule mwanamke, nikapiga magoti, nikamsugua kwa mafuta ya hospitali mpaka alipojifungua. Wifi yake alisimama karibu akinishukuru.